Sahani ya Mlangoni

Jambo la mwisho la kawaida aliloniambia mke wangu, akivaa koti asubuhi ya siku aliyofariki, lilikuwa: "Uniwekee boga." Alikuwa muuguzi katika hospitali ya Jette, huku ughaibuni tunakoishi. Kila sikukuu ya mavuno ya kanisa letu alichelewa kutoka kazini, nasi tulimwekea sahani ya boga la karanga kwenye kiti cha mlangoni, ale bila kukatiza maombi; hata baada ya kifo chake tuliendelea kuiweka.

Jumamosi, mkesha wa sikukuu ya mwaka huu, katika duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre, wanawake wawili waliojiunga na kanisa baada ya msiba walikuwa wakibishana mbele yangu. Mmoja alilipigapiga boga kwa kiganja.

"Ile sahani ya mulangoni ni ya mizimu, maman. Mwaka huu tunaitoa."

"Bon, toa weye! Ni desturi ya bakubwa ya Katanga. Muzimu akilala njaa, atakuja kwako."

Mwenye boga akanigeukia. "Papa, ninyi mulisoma. Ilitoka wapi?"

Ningejibu ni ya mababu, ingeondolewa kama uchawi. Ningesema kweli, ingeondolewa kwa kuwa mwenyewe hayupo.

"Ni ya mke wangu," nilisema. "Alikuwa akichelewa kazini."

Kiganja kikatulia. "Pardon, papa," akasema, akanipa boga.

Nadhani desturi nyingi zilianza hivyo: mtu alichelewa, mwingine akamsubiri.

Kesho yake asubuhi nililipika boga mwenyewe, nikawa wa kwanza kufika kanisani, nikaweka kiti karibu na mlango.