Tembo Aliyefunikwa Karatasi

Albamu yangu ya stempu ni daftari gumu alilonirithisha baba, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Kilosa. Barua za wanunuzi zilitoka pembe zote za dunia. Yeye alikata kona za bahasha, akaziloweka kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu hadi stempu zikaachia, kisha akazianika juu ya gazeti. Mama alilalamika kwamba uji wetu una ladha ya gundi ya Ulaya. Ndivyo nilivyoanza jiografia.

Nilipohamishiwa shule moja ya msingi Mikumi, niliomba saa moja kila Ijumaa niwafundishe watoto wa darasa la sita dunia kwa daftari lile. Njia yangu ni rahisi, hata wewe unaiweza. Stempu ni picha ambayo nchi imepigwa baada ya kuoga na kuchana nywele. Kwanza soma jina lake. Kisha tazama inajivunia nini. Mwisho jiulize, taratibu, nini kimeachwa nje ya picha.

Watoto walishika upesi. Tulipofika kwa nchi isiyoandika jina lake kabisa, inayotosheka na kichwa cha malkia, hawakushangaa. Mwenyekiti wetu wa kitongoji naye hajawahi kujitambulisha mkutanoni. Stempu iliyoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja iliwafundisha kwamba zamani nchi tatu zililazwa kitanda kimoja bila kuulizwa nani alale ukutani.

Kisha akaja mkaguzi. Mwalimu mkuu alinieleza wazi: mgeni akiridhika, Ijumaa ni yangu, asiporidhika, saa ile inarudi kwenye mazoezi ya mtihani na daftari linarudi kabatini. Nikawakumbusha watoto waamkie kwa sauti moja, na wajibu walichokiona, si walichokisia.

Shikamoo ilitoka vizuri. Mkaguzi akaitikia marahaba, akafunua daftari, akaweka kidole kwenye stempu yetu wenyewe: tembo mkubwa, nyasi zilizokauka, mlima wa buluu kwa mbali. Akamchagua binti mmoja ambaye mama yake analima kando ya hifadhi.

"Stempu hii inatufundisha nini kuhusu nchi yetu?"

Binti aliinama, akaitazama kwa muda mrefu, kama nilivyomfundisha.

"Huyu tembo ameshiba, mheshimiwa."

"Unajuaje?"

"Nyuma yake hakuna mahindi. Yalikuwepo."

Darasa lilicheka, mimi nikakohoa. Mkaguzi alitutangazia kwamba jibu sahihi ni kuwa watalii wanatupenda. Binti akauliza, kwa adabu kabisa, kama watalii hao wangeweza kuja msimu wa mavuno wakakaa shambani na debe, wasaidie kupiga kelele. Hapo mkaguzi akanigeukia, akataka kujua kama hayo ndiyo ninayofundisha. Nilimjibu kwamba ninafundisha kutazama. Yanayoonekana siyapangi mimi.

Barua yake ilikuja baada ya wiki kadhaa, bila stempu, ndani ya simu ya mwalimu mkuu. Saa ya Ijumaa iendelee, ilisema, ila stempu za wanyamapori zisitumike hadi mwongozo utakapotolewa. Mwongozo bado uko njiani. Tusiulaumu, barabara ya kupita hifadhini ina matuta mengi.

Kwa hiyo Ijumaa tumebaki nayo. Tunajifunza dunia nzima, tukiruka tu kile kinachokula mahindi yetu. Tembo nimemfunika kwa kipande cha karatasi nyeupe, nikakibana kingo vizuri.

Juzi mtoto aliyehamia karibuni aligusa karatasi ile kwa ukucha, akauliza hapo kuna nchi gani. Nilikuwa bado natafuta jibu lisilovunja agizo, binti akanitangulia.

"Hapo ni kwetu," akamwambia, akafunua ukurasa unaofuata.