Mama Watatu Ofisini kwa Mwalimu

Uji wa unga wa mtama uliochachuka unapomiminwa kwenye chuma cha moto hutoa harufu kali inayopanda hadi machoni. Nimehamahama sana, msomaji wangu, lakini popote ninapoikuta harufu hiyo hujiona niko Hai Malakal, Juba, katika ua wa ndugu za baba.

Mimi na mama tulifika kutoka Nakuru mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani wa Sudan. Mama, Mkenya, alirudi kufunga duka letu, akaniacha kwa wanawake watatu: Keji, dada wa baba, na Poni na Rose, wake wa kaka zake. Nilikuwa nimezoea sahani yangu na kijiko changu. Pale watoto tisa tulimega kisra, mikate hiyo ya mtama, myembamba kama karatasi, kutoka sinia moja, na mpole alilala na njaa.

Shuleni mwalimu mkuu alitaka nimlete mama kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yangu angepewa mwingine. Nililia. Keji akacheka. "Mama tu? Si iko hapa!"

Kesho yake wakaja ofisini wote watatu, wamepaka mafuta ya simsim, wanang'aa.

"Mama ya mtoto ni nani?" akauliza mwalimu.

"Mimi," akasema Keji.

"Na mimi," akadakia Poni.

"Ustaz, hata mimi," akasema Rose. "Wewe andika tu."

Wanafunzi waliochungulia dirishani wakaangua kicheko. Aibu ikanipanda. "Mwalimu, wanadanganya. Mama yangu yuko Nakuru."

Keji hakunitazama. "Ustaz, huyu mtoto yetu. Akigonjwa, sisi iko. Akikosa, ita sisi."

Mwalimu akahema, akayabana majina matatu kwenye mstari mmoja. Nafasi ikawa yangu.

Njiani walitangulia, nami nikafuata nyuma. Chakula kilipoiva nilijitenga ukutani, nikiamini sina tena pangu.

"We Nakuru!" Keji akaita. "Unangoja tukuandikie barua? Kuja, chakula inapoa!" Poni akamsukuma mwanawe kando, nikachuchumaa katikati yao.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kuchekesha watu: jinsi ndugu za baba walivyomdanganya mwalimu kwa ajili yangu. Kisha nikaja kumlea mtoto wa kaka yangu, nikamuuguza homa, nikamfunga kamba za viatu, na siku aliponiita mama mbele ya wageni sikumsahihisha. Ndipo nilipoelewa kuwa ofisini siku ile, aliyesema uongo nilikuwa mimi peke yangu.