Ng'ombe Asiyetakiwa na Jiji

Juzi katikati ya jiji, mbele ya muuza magazeti, watu walibishana: Nairobi ibaki kaunti au irudi kwa serikali kuu? Nikakumbuka mchana mmoja utotoni mwangu kwetu Waithaka, pembezoni mwa Nairobi karibu na Kiambu, uani kukinuka majani ya ng'ombe yaliyokatwa.

"Jiji halitaki ng'ombe. Waithaka irudishwe Kiambu!" mjomba alifoka.

"Na maji ya mfereji utayatoa Kiambu?" baba akamcheka.

Nilidhani askari wa jiji wangefika jioni hiyo kumkamata. Nikamfungua ng'ombe wetu wa pekee, nikamvusha kijito.

"We Wanjiru, unampeleka wapi?" shosho, nyanya yangu, aliita akinifuata.

"Kiambu, shosho. Huko hawamkatazi."

Hakunigombeza. Alitazama mashamba huku na huku.

"Na hapa tuliposimama ni wapi, Nairobi au Kiambu?"

Sikujua. Hata yeye hakujua. Tulisimama tukimsikiliza ng'ombe akitafuna.