Siku Bibi Aliposimama Kumsemea Mwalimu

Nimehamahama sana, rafiki yangu. Nimeuza nguo sokoni Tsoka, nimepanga chumba Mtandire, nimevuka mipaka nikarudi. Mwezi uliopita nilipita tena Dzaleka, kambi ya wakimbizi tulikoishi zamani, nikaenda moja kwa moja pale palipokuwa na chekechea yetu. Sasa kuna jengo la matofali ya kuchoma, na ukutani wamechora tembo na herufi. Watoto walikuwa wanakunywa uji. Palinuka moshi wa kuni mbichi na karanga, nikashindwa kuondoka upesi kama ilivyo kawaida yangu.

Enzi zetu lilikuwa turubai tu, limefungwa kwenye miti nyuma ya kanisa. Kila asubuhi nilimpeleka mdogo wangu mgongoni, kwa kuwa mama alikuwa ameshatoka kwenda ganyu, kulima mashamba ya wenyeji. Mwalimu alikuwa jirani yetu, mama wa makamo kutoka Fizi. Hakuna aliyemwajiri. Aliona watoto wanazurura kwenye vumbi wakati wazazi wako kibaruani, akawakusanya. Kila mtoto alikuja na kikombe chake na, kama kwao kulikuwa na kitu, unga kidogo kwenye karatasi. Salamu ilianza kwa Kirundi, ikaja Kiswahili, ikaishia Kichewa, na wote waliitikia zote. Mtoto mgeni aliyelia hakubembelezwa. Alipewa mwiko asaidie kukoroga, na kabla uji haujaiva alikuwa ameshasahau kilichomliza.

Basi wakaja wageni kutoka Lilongwe, watu wa kufundisha walezi wa watoto. Walisema kuna nafasi ya mtu mmoja. Atasomeshwa mjini, atapewa cheti, kisha atakuwa mwalimu anayetambuliwa. Wangerudi kufanya kikao nasi, waulize ni nani.

Kwetu mtu hajitaji mbele ya wageni. Ukijisimamia mwenyewe unaonekana huna watu. Anasimama mzee, anakusemea, wewe unatazama chini. Kwa akina mama wa upande wetu mzee huyo alikuwa bibi yangu. Jioni ya kuamkia kikao mwalimu alikuja kwetu, akapiga magoti, akaomba asemewe. Mimi nilikuwa natwanga sombe, yale majani ya muhogo, papo hapo. Bibi alimtania kwamba akirudi na cheti atakuwa madamu wa mjini na sombe letu atalikataa. Wakacheka wote wawili. Bibi akamwambia akalale bila wasiwasi.

Kesho yake tulijaa kanisani. Wageni wakauliza ni nani anayefundisha watoto hawa. Bibi akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Mwalimu wa batoto njo huyu," alisema, na mkono wake ukatua kwenye bega la mama mdogo wangu, binti yake wa mwisho.

Mama mdogo alikuwa na sekondari, hilo ni kweli. Lakini pale chekechea alikuwa akija mara mojamoja tu, kusukwa nywele na kupiga soga. Kila mama mle ndani alijua. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwalimu mtoto wake. Wakatazama miguu yao, kwa sababu bibi kizee hasahihishwi mbele ya wageni. Mkalimani akatafsiri, wageni wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa bado ameinamisha kichwa, kwa ile adabu ya mtu anayesemewa, na alichelewa kukiinua.

Watu walipotawanyika alimfuata bibi mpaka mlangoni kwetu. Hakupaza sauti.

"Mama, ni we nilikuwa nangojea."

Bibi akajibu bila kugeuka: "Ule ni wa tumbo langu. Ungekuwa mi, ungefanya aje?"

Jumatatu mwalimu alikuja chekechea, akafagia, akawapanga watoto. Akawaambia, "Batoto, huyu njo mwalimu wenu sasa," kisha akaenda kwake. Mama mdogo alisoma Lilongwe, akapata cheti chake, na leo ana chekechea yake huko mjini, Nsungwi, yenye geti la chuma. Kwetu hakufundisha hata muhula mmoja. Turubai lilioza, na mdogo wangu akarudi kucheza kwenye vumbi. Sitakudanganya, sukari aliyotuletea mama mdogo tuliinywa kwenye chai, na ilikuwa tamu.

Siku hizi Dzaleka mtu anajisemea. Anaandika maombi, anakaa kwenye usaili, anaeleza anachokijua. Wale dada wanaofundisha kwenye jengo la matofali waliniambia njo hivyo walivyopata mafunzo yao, na ni haki, nawafurahia. Ila ule utulivu wa kukaa kimya ukijua mtu wako atasimama sijauona tena popote nilipoishi. Bibi nilimpenda, nilimuuguza mpaka mwisho, na tulimzika kwa heshima. Lakini hadi leo, nikiwa kwenye kikao chochote, mtu akiniambia nitulie atanisemea, nachukua begi langu natoka.