Mahali pa Baiskeli Kwenye Taa

Mama yangu hatulii. Jioni hufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, huanika nguo na kwenda kuzigusa kabla hazijaacha kuchuruzika, na muda wote sikio lake liko barabarani. Anamsubiri Baba. Anachosha, nasema wazi, na mimi ni binti yake.

Mama anaendesha lori la kokoto. Baba anasambaza mayai madukani kwa baiskeli, trei zimefungwa kwa mpira nyuma kwenye keria. Majirani husema katika nyumba yetu mke ndiye mwenye matairi mengi, na Baba hucheka kuwashinda. Wanapendana, ila ugomvi wao ni mmoja na hauishi: taa za njia panda. Zikiwaka nyekundu, Baba hutazama kulia na kushoto, akiona kweupe anavuka.

"Barabara ni moja, mzee, na sheria ni moja," Mama humwambia. "Nyekundu ni nyekundu, uwe na lori, uwe na toroli."

"Mama watoto, nikingoja kijani magari yote yanaondoka na mimi kwa pupa. Nikitangulia nina nafasi yangu. Heri nusu shari."

"Na siku nikitokea mimi upande wa pili nimepakia? Lori si punda, huliambii 'ish' likasimama!"

Nilikuwa upande wa Mama. Baba ana ubishi wa kimya kimya, anaitikia kila kitu kisha anafanya lake.

Halafu dereva mwenzake Mama akamgonga mwendesha baiskeli aliyevuka taa nyekundu, na yule wa baiskeli akafa palepale. Mama alirudi nyumbani midomo imekauka. Hakupiga kelele safari hii. Alimshika Baba mikono yote miwili akamwambia, "Niapie." Baba akaapa, na kweli akaanza kusimama kwenye taa kama mwanafunzi siku ya kwanza shuleni.

Nilidhani sasa tutapumua. Wapi! Mama aliendelea kuzunguka uwanjani, na Baba naye akaambukizwa. Alikuwa akirudi na mayai yaliyopasuka, anaguna, anakataa chai. Usingizini miguu ilimchezacheza. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Jumamosi moja akaja na kiwiko kimechubuka, na hapo hakuweza tena kuficha.

"Lori limenibana. Lilikuwa linakata kona, mimi nipo pembeni yake. Nimesimama palepale uliponiambia."

"Dereva mzembe huyo!" Mama akaruka. "Kioo anacho cha nini? Angetazama kioo!"

"Twende ukatazame wewe."

Lori la Mama lilikuwa limeegeshwa nje ya geti. Mama alipanda kwa hasira, akakaa kwenye usukani, akavuta kioo, akakirekebisha mara mbili. Baba akasogeza baiskeli upande wa pili, karibu na mlango wa utingo, pale ambapo baiskeli husimama kwenye taa. Mimi nilisimama mbele ya bonati, nawaona wote wawili.

Mama alitazama kioo cha kulia. Akatazama cha kushoto. Akajinyoosha, akainamia dirisha la utingo, akarudi tena kwenye kioo.

"Haya, njoo basi. Uko wapi?"

"Nimeshafika."

"Umefika wapi? Sikuoni!"

"Nipo hapa, mama watoto. Nimeshika mlango wa lori lako."

Nilimwona Mama uso ukimbadilika. Miaka yote hiyo ameendesha kwa vioo vile vile, nami najua alichokuwa akiwaza: ni wangapi waliowahi kusimama pale.

"Sogea mbele," akasema, sauti imepungua. "Mbele kabisa, nikuone."

"Mbele ni kuvuka mstari. Na taa ni nyekundu."

Mama aliteremka, akazunguka lori mpaka alipo Baba, akamfuta vumbi kwenye kiwiko kwa ncha ya khanga, polepole, ingawa kidonda kilikuwa kimeshasafishwa.

Asubuhi iliyofuata Baba alifunga trei zake, akakanyaga pedali moja, akageuka.

"Sasa uniambie. Leo nisimame au nivuke?"

Mama aligeuka kutazama nje ya geti. Barabarani magari yalikuwa yameshaanza kupigiana honi.

"Sijui," alisema. "Mume wangu, sijui. Wewe rudi tu."