Balbu Nyeupe Katika Chumba cha Hina

Mume wangu alisubiri niende matangani ndipo akabadilisha taa za nyumba nzima. Niliporudi nilikuta sebule, jikoni na hata chumba changu cha hina vinameremeta weupe wa zahanati, naye amekaa kitini anatabasamu. Nilimwuliza glopu zetu za zamani ziko wapi. Akanijibu kwamba amezitupa chooni, na choo chetu ni cha shimo. Hapo nikajua jambo hili lilipangwa, maana mtu mwenye nia njema hafichi ushahidi.

Nimeumbwa na shaka. Maziwa niliyoyachemsha kwa mkono wangu huyanusa kabla ya kuyamimina. Muuza nyanya akiniongezea moja ya bure, naigeuza nione imeoza upande gani. Sasa niletewe balbu inayosemekana kutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, nisiulize huo mwanga wa ziada unatoka wapi? Mume wangu hufanya kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani. Alisema kule walishabadilisha zote zamani na wageni hawajalalamika. Nikamwambia wageni wanafuata jua, hawafuati taa.

Haki yake nampa. Tokeni za umeme zilianza kukaa. Kile kisanduku cha umeme kilichokuwa kikilia kutudai kila mara kilitulia, na mume wangu akawa anakitembelea kila jioni kama mgonjwa aliyepata nafuu, kisha anakuja kunieleza hali yake. Joto pia lilipungua. Wakati wa kaskazi glopu ya zamani ilikuwa jiko la pili juu ya kichwa changu, na hizi mpya zilikuwa baridi. Lakini aliporudi siku moja na balbu ya mrija uliopindapinda, akaiangusha ikapasuka, alinitoa nje, akafungua madirisha na kuokota vipande kwa karatasi ngumu. Alisema ndani mna sumu, ila ni kidogo. Nilitaka kujua tangu lini watu wakalala chini ya sumu kidogo, naye akadai kwamba ninapenda kubishana.

Kazi yangu ni kupaka hina. Maharusi wengi wa Msambweni wamepita mikononi mwangu, na baadhi yao sasa wananiletea binti zao. Bi harusi hukaa mikono na miguu wazi hadi magotini, na kwetu si adabu mpita njia akamwona vile. Kwa hiyo dirisha la chumba cha hina hufungwa na pazia zito hushushwa, hata ikiwa adhuhuri, nasi hufanya kazi kwa taa. Hina ikikauka, nabandua kipande kidogo kisiginoni na kutazama rangi. Nikiona wekundu wa chungwa lililoiva, basi imekolea. Nikiona hafifu, napaka tena juu yake. Kitu kingine cha kunihakikishia sina, ni macho yangu tu.

Bi harusi wa kwanza chini ya balbu nyeupe, nilibandua nikaona rangi ya matope. Nikamtilia shaka muuza hina. Nilisema moyoni kwamba ameanza kuchanganya na unga wa majani mengine, na nikakumbuka kwamba siku hizi hanitazami usoni. Nikaacha kununua kwake. Nikachuma majani ya mhina ulioko uani kwangu, nikayaanika, nikayatwanga na kuyachekecha mwenyewe, nikayakanda kwa ndimu na chai nzito. Bi harusi wa pili, matope yale yale.

Majani ni yangu, mchi ni wangu, ndimu ni zangu. Wa kushukiwa alibaki mmoja, nami nilimjua.

Mama yangu alipofuka. Hakuamka siku moja akakuta giza. Alianza kwa kubishania rangi za leso. Alishika leso ya kijani akasema ni nyeusi, sisi tukacheka tukidhani anatutania. Baadaye akawa hatofautishi wali na sahani. Nilipoona hina yangu haina wekundu, niliyashuku macho yangu. Sikumwambia mume wangu. Nilijipima kimya kimya jikoni kwa kutenganisha pilipili nyekundu na zilizoanza kuiva, kisha nikawa siamini hata jibu ninalopata. Niliogopa kuliko ninavyoweza kueleza. Mwanamke wa hina asiyeona rangi atafanya kazi gani?

Kwa woga huo nikampaka yule bi harusi wa pili tena juu yake, na hina ikakaa sana.

Siku iliyofuata mama yake alifika uani kwangu na binti yake nyuma, amejifunika buibui mpaka vidole. Tulisalimiana kwa heshima zote, tukaulizana hali za watoto. Kisha akaufunua mkono wa binti juani.

"Dada, mimi nilikuletea mtoto apambwe," alisema. "Tazama. Hina imekuwa nyeusi, piko yenyewe haionekani. Ni kama ametoka kusugua masufuria."

Nilitazama. Kweli, maua ya hina yalikuwa yameiva hadi yakala mistari myeusi ya piko iliyoyazunguka. Lakini mimi niliona jambo jingine. Chini ya ule weusi, pembezoni mwa kiganja, kulikuwa na wekundu, nami niliuona waziwazi. Nikamshika binti mkono nikamwingiza chumba cha hina, nikawasha taa. Wekundu ukatoweka, yakabaki matope. Nikamtoa nje, ukarudi. Nikamwingiza tena. Yule binti alifuata, maskini, akidhani labda ni sehemu ya dawa. Macho yangu yalikuwa mazima! Mwongo alikuwa ile balbu, ilikuwa inaunyonya wekundu wote.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama wa bi harusi aliona ninamdhihaki, na ilinibidi nimwombe radhi kwa maneno mengi, kisha nikashinda nikiipunguza ile rangi kwa mafuta ya nazi na sukari.

Mume wangu aliitetea balbu yake kama mtoto wa kumzaa. Hatimaye alikubali kwamba zipo zinazobana umeme vilevile lakini mwanga wake ni wa manjano. Tukaenda Ukunda. Kijana wa dukani, mtu wa bara, alinipa moja akasema, "Hii iko sawa, mathe, haina shida." Nikamwambia aiwashe. Nikavua kiatu nikaweka kisigino changu chenye hina juu ya sanduku la vyombo, chini ya taa, wateja wakisubiri. Wekundu ulisimama. Nilimwambia aiwashe tena, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati.

Bi harusi wa kwanza chini ya balbu mpya alikuwa binti mpole wa jirani. Hina ilikauka, nikabandua, nikaona chungwa lililoiva kama zamani. Moyo ulinitulia. Niliandaa piko na kuanza ile mistari myembamba ya kuzungushia maua, kazi ninayosifiwa. Mstari ulikuwa unanicheza. Nikamwambia asitikisike, akasema hatikisiki. Nikamsogeza chini ya taa kabisa. Nikafuta ncha ya kijiti, nikaona piko ni nyepesi, nikaongeza unga. Nikaona sasa ni nzito. Nikainama karibu zaidi, mpaka pumzi yangu ikawa juu ya mkono wake, nikaendelea kuchora taratibu kwenye ngozi niliyoiona tupu.

"Mama," aliniambia kwa upole, "hapo umeshapita."

Nilijibu kwamba najua, ninakoleza tu. Yeye aliweka kidole cha mkono wake mwingine juu ya ua ambalo nilikuwa sijaligusa, akakiacha pale ili nijue pa kuanzia. Nilitazama juu kwenye balbu. Mwanga ulikuwa mzuri, wa manjano, umejaa chumba chote. Nikakifuata kile kidole, na kila nilipomaliza ua moja, alikisogeza kwenye jingine.