Mashine Yenye Alama Nyingi

Bwana Meno, kama wateja walivyomwita, alikuwa fundi wa meno bandia. Alishinda kwenye karakana yake nyuma ya kliniki akisugua na kung'arisha meno ya watu asiowajua, na jioni alirudi nyumbani na vumbi jeupe nyusini. Mkewe alimtania kwamba huzeeka kila siku na kurudi ujanani akishanawa.

Mama mkwe alihamia kwao ugonjwa wa kusahau ulipomzidi. Siku nyingine alimtambua mkwewe. Siku nyingine alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akidhani ni fundi wa bomba, akamwonyesha bafu lilipo. Bwana Meno aliingia, akafungua maji kidogo, akatoka akisema limepona. Mama akamshukuru sana.

Ndipo aliposikia habari za watafiti wanaochunguza ugonjwa ule, ambao hesabu zao zinazidi uwezo wa kompyuta walizonazo. Huzikata vipande vidogo na kuwagawia watu wa kujitolea popote walipo. Kompyuta yako ikiwa haina shughuli, inapiga hesabu na kuwarudishia majibu. Alijiunga siku hiyohiyo. Lakini kompyuta yake kuukuu ilijikongoja, na vipande vingine vilipitwa na muda kabla havijakamilika.

Akajipinda, akanunua nyingine. Aliichagua kwa alama za prosesa yake, kile kiungo kinachopiga hesabu, yaani matokeo ya jaribio la kupima kasi, na alama hizo zilikuwa karibu mara tano ya zile za kompyuta ya zamani. Alimwahidi mkewe kwamba kazi nayo itakwenda mara tano. Wapi! Wiki zilisonga, na majibu hayakufika hata maradufu. Akaanza kununa. Alibadili mipangilio, akamshuku hata muuzaji.

Feni nayo ilivuma sebuleni kutwa, ikimkosesha mama raha. Jioni moja mama aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama anayepima joto la mtoto.

"Huyu ana homa," alisema. "Na bado mnamtuma?"

Mkewe alicheka. Bwana Meno aliona aibu kidogo, kwa kuwa kelele zile alizileta yeye. Akaihamishia kompyuta koridoni, karibu na dirisha, na badala ya kuipa kazi nane kwa mpigo akaiachia tano. Majibu yakipungua, na yapungue. Heri mama apumzike.

Baada ya muda alifungua ukurasa wa kazi zake, akakuta majibu yameongezeka. Alidhani amesoma vibaya. Mwenzake mmoja wa kujitolea akamweleza kwa maandishi kwamba jaribio lile huisha upesi, prosesa ikiwa bado baridi, ilhali hesabu hizi hazina mapumziko. Ikishika joto hujipunguzia kasi isije ikaungua, na kazi zikizidi hugombania kumbukumbu ileile ya kompyuta. Alama hazikudanganya, zilipima mbio fupi.

Alimsimulia mkewe yote, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Dawa itapatikana mama akiwa bado yupo?" aliuliza.

"Sidhani."

Mkewe alimtazama mama, aliyesinzia kitini, akamfunika miguu kwa shuka.

"Basi iache iendelee," alisema.